Inchi Kumi za Dada

Shuleni, 6 Januari

Dada yangu mpendwa,

Nimefika. Lori limenirusha njia nzima mpaka nikazihesabu mbavu zangu kuona kama kuna iliyobaki njiani. Zaidi ya hapo mimi mzima, hofu iko kwako, na safari hii sisemi hivyo kwa mazoea ya barua.

Nilikuona ukipanda ngazi za kazini kwenu. Ghorofa tatu, ukasimama mara nne, na mara ya nne ukajifanya unatafuta funguo. Funguo zilikuwa mkononi mwako, dada. Sikusema kitu kwa sababu Mama Vifungo alikuwa nyuma yetu, na huyo rafiki yako akilikamata neno halimtoki. Lakini niliumia. Mama alianza hivyo hivyo. Pumzi kwanza, kisha macho, kisha kidonda, kisha mguu mmoja, kisha wa pili. Wewe ndiye uliyemgeuza kitandani miaka miwili huku mimi niko chuoni nafundishwa kupuliza filimbi, kwa hiyo hapo sina la kukueleza. Ninachokumbuka mimi ni kwamba alikufa mnene vile vile, hakupungua hata robo kilo. Adui wa ukoo wetu ni kiuno.

Zahanati wamekupima, wamekukuta na sukari, wamekupa vidonge. Sawa. Vidonge ni kazi yao, mwili ni kazi yetu. Miaka tisa sasa nawafundisha watu kukimbia, sishindwi na dada yangu. Asubuhi nenda kazini kwa miguu, dakika ishirini na tano hazijamuua mtu. Ukimaliza kila nguo mbili, inuka kwenye kiti. Sahani yako nusu iwe mboga za majani, robo wali, robo maharage au samaki. Chai bila sukari, maji kwa wingi. Soda ni marufuku, hata ile unayosema ni ya kushushia tu. Na kila mwezi jipime kiuno kwa futi yako ya kamba, uniandikie. Wewe ni fundi cherehani, futi yako naiamini kuliko mizani yao.

Utasema nipige simu. Huku simu inashika ukipanda juu ya tangi la maji, na juzi mwalimu wa hesabu ameporomoka akimbembeleza mkewe. Dereva wa lori la shule anakuja huko kila wiki mbili kuchukua vyakula. Atapitia kwenu.

Mdogo wako,
Kitinda


Chumba cha kushonea, 20 Januari

Kitinda,

Barua yako nilikuwa naisoma kimya kimya nikaanza kucheka, Mama Vifungo akaninyang'anya akaisoma kwa sauti. Sasa mafundi wote kumi na mmoja wanajua kwamba nimepigwa marufuku ya soda na mtoto niliyemfuta kamasi. Asante sana.

Na funguo nilikuwa nazitafuta kweli. Za kabatini.

Haya, nimejipima. Arobaini na sita. Nimeilegeza futi, nimeikaza, nimebana pumzi mpaka macho yakanitoka, arobaini na sita haikubanduka. Miaka yote nawaambia wateja 'mama, kitambaa hiki hakitatosha', kumbe siku yangu ilikuwa inakuja.

Kutembea nimeanza. Siku ya kwanza nilifika nimelowa, msimamizi akaniuliza huko nje kunanyesha? Sasa angalau naingia nikiwa naweza kusalimia watu. Vitambaa nakata nimesimama, kiti nimekisukuma ukutani. Nikipiga pasi nainua visigino na kuvishusha, mara ishirini kwa kila shati, na mwezi huu tuna mashati ya sare mia tatu, hesabu mwenyewe. Sahani nimebadili, natumia ile ndogo ya kuwekea kikombe. Mama Vifungo anasema nakula kama ndege mwenye deni la msiba. Chai yako isiyo na sukari ni dawa ya minyoo, lakini inapita.

Ila vidonge, mdogo wangu. Viwili asubuhi, viwili jioni. Tumbo linanguruma hadi wateja wananitazama. Nilimuuliza yule bibi wa dirishani anayegawa dawa nitavimeza mpaka lini, akanijibu neno moja tu: maisha. Mama naye aliambiwa hivyo hivyo. Na lile lango la zahanati siwezi kulipita tena, Kitinda. Nikilifikia naona kiti cha magurudumu na blanketi lililolala bapa mahali palipokuwa na miguu. Kadi yangu nimempa Mama Vifungo awe ananichukulia vidonge.

Nakuambia wewe tu. Nitafanya lolote utakaloniambia, nitakula majani kama mbuzi, nitapanda hizo ngazi kwa magoti. Lakini miguu yangu nataka nizikwe nayo.

Dada yako


Shuleni, 16 Februari

Dada!

Dereva amenipa kikaratasi chako chenye maneno matatu tu: arobaini na tano. Nimekibusu mbele ya watu. Unaona? Na bado hatujachanganya.

Sasa ongeza. Ngazi zipande mara mbili zaidi kwa siku, hata kama hakuna unachokifuata huko chini. Jioni ukifika nyumbani usikae kwanza, kwa sababu wewe ukikaa umekaa. Fagia, fua, zunguka nyumba. Mkate acha kabisa asubuhi, kula yai na matango. Njaa ya saa kumi ikikubana, karanga kiganja kimoja, na kiganja kiwe chako, sio cha msimamizi wenu.

Na hivyo vidonge visikutie unyonge. Yule bibi wa dirishani haijui kazi yetu. Sikiliza maneno ya mwalimu wako: kila inchi moja inayotoka kiunoni ni kidonge kimoja kinachotoka mdomoni. Liandike hilo ulibandike ukutani. Ukifika thelathini na sita, kiuno chako cha usichana, tutakuwa tumemalizana na zahanati.

Hakuna kurudi nyuma.

Kitinda


Chumba cha kushonea, 30 Machi

Mwalimu wangu,

Arobaini na tatu. Na nimepanda ghorofa tatu bila kusimama. Nilipofika juu nikageuka kuwatafuta wenzangu, wote wako chini wanahema, na Mama Vifungo ameshika ukuta anamwita marehemu mumewe. Nilicheka, kisha machozi yakanitoka. Niliingia msalani nikalia kidogo peke yangu. Sikujua nilikuwa nimeogopa kiasi hicho.

Ulichosema nimekibandika ukutani, mbele ya cherehani yangu. Nakifuata neno kwa neno. Mimi ukinipa kipimo sikiongezi wala sikipunguzi, ndiyo kazi iliyonilisha miaka ishirini na mbili. Na tumbo nalo limeanza kutulia, usiku silisikii tena.

Sketi zangu mbili nimezipunguza ubavuni. Nilikata kile kitambaa cha ziada nikakitazama. Yaani hiki kilikuwa mimi. Nimekitupa.

Kula na wewe vizuri, nilikuona una mifupa ya shingo.

Dada yako


Shuleni, 14 Aprili

Dada yangu shujaa,

Barua yako nimeisoma mbele ya walimu wote kwenye chai. Mkuu wa shule, ambaye kitambi chake kinaingia darasani kabla yake, amerudisha andazi sahanini. Jumatatu nikawahadithia wanafunzi uwanjani. Nimewaambia nina dada anayekaa kwenye cherehani saa kumi kwa siku, na ameshinda, kwa nini wao washindwe mizunguko minne? Walikimbia sita.

Sijawahi kukuambia, ngoja nikuambie leo. Mama alipokatwa mguu wa pili mimi nilikuwa na mashindano. Nilipata taarifa asubuhi, nikakimbia mchana, nikashinda, nikaja baada ya siku tatu. Hukunisema hata siku moja. Nimebeba jambo hilo muda mrefu. Sasa naona kama Mungu amenipa nafasi ya kulipa kwa kukuokoa wewe.

Endelea hivyo hivyo. Ulivyofanya mwezi huu, fanya mwezi ujao.

Kitinda


Chumba cha kushonea, 25 Mei

Kitinda,

Kaa chini kwanza. Thelathini na tisa.

Hata mimi sikuamini, nikampa Mama Vifungo anipime, thelathini na tisa. Inchi nne ndani ya miezi miwili, na wala sijaongeza hatua, zinaondoka zenyewe siku hizi. Watu wananisimamisha barabarani wanauliza siri. Mwanamke mmoja mteja wetu ameniambia nimekuwa msichana. Nikamwambia nina mwalimu.

Maji nakunywa kama ulivyotaka, tena nimezidisha. Nina dumu la lita tano chini ya meza na kabla ya saa tisa limekauka. Kutwa naenda msalani, msimamizi ananuna, lakini hizo nazo ni hatua, nazihesabu. Kula nakula vizuri tu, nusu mboga, na njaa ninayo, hilo sikufichi.

Uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi siku hizi unanitoroka. Mama Vifungo ananitungia sindano. Uzee huo.

Na nikuchekeshe. Unajua nashona peku, kanyagio la mashine nataka nilisikie unyayoni. Juzi niko nyumbani naosha miguu, nakuta pini imezama kisiginoni imebaki kichwa tu, na sijui niliikanyaga lini. Nimetembea nayo dakika ishirini na tano bila kujua! Mguu wangu umegeuka mto wa kuchomekea pini. Nimeichomoa, nimefunga na kitambaa, maisha yanaendelea.

Dada yako


Shuleni, 8 Juni

Dada,

Hahaha! Huo ndio mguu wa mwanariadha. Ngozi ikishakuwa sugu hata msumari unaomba radhi. Wanafunzi wangu wakitoka na lengelenge dogo wanataka kupelekwa hospitali, nimewasimulia habari ya pini wakaona aibu.

Maji endelea, maji ni uhai.

Jambo moja tu. Muuguzi wetu wa shule, mama mmoja asiyecheka na mtu, aliposikia thelathini na tisa badala ya kunipa hongera akaniuliza, "Sukari yake inasomaje?" Nikamwambia dada yangu anapimwa kwa futi na haijawahi kukosea. Kisha akaniuliza kama umekonda mashavu. Basi kumridhisha, niandikie sukari yako walipoipima mwisho ilikuwa ngapi, nimnyamazishe.

Zimebaki tatu. Tatu tu!

Kitinda


Chumba cha kushonea, 6 Julai

Mdogo wangu,

Thelathini na sita. Nimefika.

Mwambie muuguzi wenu sukari ya kuipima ni ipi wakati siinywi? Mwezi wa saba huu sijagusa hata kijiko.

Samahani barua ni fupi, nimechoka kidogo. Kutembea nimepumzika wiki mbili hizi, mguu mmoja umevimba kwa kazi, napanda gari. Usinigombeze, nitaanza tena. Nimefika, Kitinda. Mama angeniona.

Dada yako


Shuleni, 18 Julai

Dada yangu, dada yangu,

Nimeruka. Mtu mzima wa miaka thelathini na nne, nimeruka juu na kuipiga miguu hewani mbele ya stoo. Inchi kumi!

Mwandiko wako umekuwa mkubwa kama wa mtoto wa darasa la pili na mistari inapanda mlima, nadhani mkono ulikuwa unatetemeka kwa furaha. Pumzika hizo wiki mbili, umezifanyia kazi. Muuguzi nilimpa jibu lako la kijiko. Hakucheka. Alisema nikwambie uende ukapimwe kesho yake, sio wiki ijayo. Huyu mama kila kitu kwake ni ugonjwa. Lakini nenda basi, ili tumwonyeshe karatasi.

Shule ikifungwa Agosti nakuja, tutatembea wote.

Kitinda


Chumba cha kushonea, 9 Agosti

Mwalimu,

Ni mimi mnayeniita Mama Vifungo. Nimekupigia simu tangu juzi, hupatikani. Dereva wenu yuko hapa chini ananisubiri, kwa hiyo nakwambia kavu kavu. Dada yako yuko hospitali. Jana wamemkata mguu wa kulia, chini ya goti. Yuko hai. Njoo.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana yeye hatakueleza.

Wiki ya mwisho ya Julai tulianza kusikia harufu chumbani. Tukadhani panya amekufa nyuma ya marobota. Tukahamisha marobota yote, tukafagia, hakuna kitu. Jumatatu akainuka kwenda kukata kitambaa akaanguka kati ya meza. Tulipomlaza nikaona soksi yake. Nikaivua. Mwalimu, mimi nimezaa watoto watano na nimeosha maiti, lakini nilitoka nje nikatapika. Kisigino kilikuwa cheusi, tena weusi umepanda juu. Ni ile pini. Alikuwa anafunga vipande vya kitambaa cha sare, anabadili kila siku na kunyunyizia marashi, na hakuna aliyejua. Mguu ulikuwa haumuumi kabisa. Daktari anasema kutouma kwenyewe ndiko kulikokuwa ugonjwa. Sukari yake mashine ilishindwa kuisoma, ikaandika tu kwamba imezidi. Na kukonda kule tulikokushangilia anasema ni sukari ilikuwa inamla. Mimi nilimpima kwa mikono yangu na nikapiga vigelegele.

Daktari akauliza dawa. Nikasema anameza, kila mwezi napanga foleni mwenyewe namletea. Nikarudi kazini kuzitafuta. Nimezikuta kwenye kopo la vifungo chini ya mashine yake, pakiti kwa pakiti, za tangu Machi. Hakuzitupa, unajua kitu kizima hatupi.

Na ukutani kulikuwa na barua yako. Kaipigia mstari kwa chaki ya kukatia: kila inchi moja ni kidonge kimoja. Pembeni ameandika hesabu yake. Arobaini na nne, vidonge vitatu. Arobaini na tatu, viwili. Arobaini na mbili, kimoja. Arobaini na moja, ameandika sifuri na kuizungushia duara. Hiyo sifuri ni ya Aprili.

Nimeibandua wasiione wenzangu. Nakuwekea humu ndani. Mimi sikusoma sana, lakini nakuuliza kama mtu aliyekuona ukiwa na suruali ya kaptura. Wewe ni daktari?

Njoo na lori hilo hilo.

Mama Vifungo


Shuleni, 1 Septemba

Dada,

Nimekaa na wewe siku kumi na moja. Nimekumenyea machungwa, nikakumbuka huruhusiwi zaidi ya moja, nikayala mwenyewe. Nimezungumza habari za mpira. Nimemsifu mpishi wa wodi. Nimefanya kila kitu isipokuwa kusema nililokuja kulisema, na nikapanda lori nikarudi nalo. Kinywa kimenishinda, acha kalamu inisaidie.

Ni mimi. Lile neno la inchi na kidonge lilikuwa porojo la uwanjani. Mimi huwa nasema maneno ya namna hiyo kutwa, wanafunzi wanapiga makofi na kusahau kabla ya kuoga. Nilisahau kwamba nalimwandikia mtu anayepima. Sikufikiri hata dakika moja, dada. Niliandika nikiwa nasubiri chai ipoe.

Na ulinieleza yote. Nimezitoa barua zako, nimezipanga kitandani, na kila nikisoma naona ulikuwa unaniambia. Kiu, msalani, macho, pini. Mama alipita humo humo, na mimi mwenyewe niliziorodhesha dalili zake Januari kwa mkono wangu. Lakini nilikuwa naisoma namba kwanza, nikishaiona nafurahi, na nikishafurahi sisomi tena. Muuguzi aliniuliza mara mbili, nikamfanya kichekesho.

Ulitaka jambo moja tu. Uliniambia mimi peke yangu.

Mazoezi hayakuwa makosa, wala mboga, daktari ameniambia hivyo, kwamba ungemeza na vidonge ungekuwa unapanda zile ngazi mpaka leo. Ameniambia kunifariji, hajui alivyonichoma. Tulikuwa tunashinda, dada. Ulikuwa umeshinda kweli mwezi wa tatu, na mimi nikakunyang'anya.

Nitukane. Niandikie unitukane, au mwambie Mama Vifungo anitukane kwa niaba yako, ana uwezo. Usinyamaze tu kama ulivyonyamaza ile siku ya mashindano.

Kitinda


Nyumbani, 14 Septemba

Kitinda,

Nimerudi nyumbani. Mama Vifungo amehamia huku kwa muda na ameshanipangia upya vyombo vyangu vyote, sijui kikombe kiko wapi. Mwandiko ni wangu, macho yanarudi kidogo kidogo.

Barua yako nimeisoma, na sikuielewa. Neno gani hilo la inchi na kidonge? Mimi sijaliona. Barua yako ya Februari haikunifikia, labda dereva aliipoteza, unajua lori lile lilivyo. Vidonge niliacha kwa ujeuri wangu mwenyewe, vilikuwa vinanisumbua tumbo, na nilikuambia tangu mwanzo. Na kidonda nilikificha kwa sababu nilijua wataniambia nini. Nilimuuguza Mama miaka miwili, nani wa kunidanganya kuhusu kidonda? Nilikiona kinageuka rangi. Nikasema kesho. Kwa hiyo usijibebeshe mzigo usiokuwa wako, una tabia hiyo tangu utoto.

Usiku najikuna mguu ambao haupo. Mama alikuwa ananiita nimkune, nami nilikuwa nadhani akili imemruka. Nilimjibu vibaya siku moja. Ndilo linaloniliza, sio jingine.

Sasa tufanye kazi. Huu wa kushoto wanauangalia kila wiki, wanasema una hatari na wenyewe. Siwezi tena kutembea kwenda popote, na nikikaa tu sukari inapanda. Niandikie mazoezi ya mtu anayekaa. Mikono, mgongo, chochote. Na chakula nipangie upya. Sitaki kupangiwa na mwingine. Nitakifuata kama ulivyokiandika.

Dada yako


Shuleni, 28 Septemba

Dada yangu,

Nimesoma. Kama barua ya Februari ilipotea, basi ilipotea. Nimemwambia dereva nimemsamehe, akanitazama, akawasha lori.

Barua hii nimeiandika mara tano. Muuguzi amekaa nami mezani, kila mstari nilioandika ameusoma, na aliyoyakata nimeyaacha yamekatwa uyaone. Hata hivyo kabla hujaanza, mpe daktari wako wa wiki naye aisome.

Kaa kwenye kiti kigumu chenye mgongo, kisicho na magurudumu. Nyoosha mikono mbele, ipandishe juu ya kichwa polepole, ishushe. Mara nane. Pumzika. Shika chupa mbili za maji za nusu lita, zikunje kuelekea mabegani, mara nane. Nyoosha goti la kushoto, hesabu mpaka tano, likunje. Ukisikia kizunguzungu acha, kunywa maji, pima sukari. Fanya baada ya kula, sio kabla. Kwa siku mara mbili, dakika kumi, zisizidi mpaka wakuruhusu.

Chakula ni kile kile cha mwanzo, nusu mboga, robo, robo. Usiruke mlo. Ukichoma hiyo sindano ya sukari waliyokuanzishia lazima ule.

Mguu wa kushoto, Mama Vifungo auangalie kila siku mchana kwenye mwanga, unyayo, kati ya vidole, kisiginoni. Usikanyage chini bila kiatu, hata hatua moja. Akiona doa lolote, saa ile ile mwende. Najua lile lango. Nimeomba uhamisho, Novemba nitakuwa huko, tutakuwa tunalipita mimi na wewe. Kabla ya hapo lipite na Mama Vifungo, ufumbe macho.

Kiuno usipime tena. Futi iache kwa nguo za watu.

Sindano asubuhi na jioni, vidonge vyote kama walivyoandika kwenye kadi. Ukikonda, meza. Ukinenepa, meza. Ukijisikia umepona kabisa, meza. Na hata siku moja nikikuandikia mimi mwenyewe, kwa mwandiko huu huu unaoujua, kwamba uviache, usinisikilize.

Mdogo wako,
Kitinda